Dakika Sita za Filamu Namba Nne

"Huyo mama wa filamu namba nne si mtu, ni ubao," nilisema. "Tena ubao wa mninga. Hakuna mama wa namna hiyo duniani."

"Wapo, Mama Tania," alisema Lydiah. "Wapo wengi. Wengine tunawajua."

"Nitajie mmoja."

Lydiah aliinamia kikombe chake cha chai. Fidèle akakohoa. Lenny alicheka peke yake, macho yakiwa kwenye kompyuta.

"Mama anamjazia binti fomu za chuo," niliendelea. "Anamchagulia kozi. Daktari anamuuliza binti anaumwa wapi, mama ndiye anayejibu. Mwandishi ametia chumvi mpaka mboga hailiki."

"Lakini Madam Chair, si ulinijibia mimi kwa daktari?" aliuliza Lenny. "Nilikuja hapo kliniki kwenu jino likinimaliza. Ukamwambia daktari ni la juu. Lilikuwa la chini."

"Ulikuwa huwezi kufungua mdomo."

"Ningenyoosha kidole."

Wakacheka wote watatu. Mimi sikucheka.

Wiki jana, kanisani Fort Worth, nilivuliwa uongozi wa kwaya kwa kumwambia mwanakwaya Melania mbele ya watu kwamba sauti yake inafaa kuitia mbuzi. Mume wangu Severin, dereva wa malori ya masafa, alinipigia kutoka Oklahoma kunishauri nikaombe radhi. Nikamjibu nilivyomjibu. Tangu siku hiyo simu zake zina maneno mawili tu, ndiyo na hapana.

Kwa hiyo kiti pekee nilichobaki nacho kilikuwa hiki, uenyekiti wa kikundi chetu cha filamu. Tuko wanne. Kila Jumamosi saa nne asubuhi tunakutana sebuleni kwangu, Irving, kila mmoja anasema alichotazama wiki hiyo na alivyokiona. Lydiah ni muuguzi, Mkenya. Lenny naye ni Mkenya, yuko ofisi moja karibu na uwanja wa ndege. Fidèle ni Mkongo, anatoka Haltom City, anafanya kazi ghalani. Mimi, Theodora, niko mapokezi kwenye kliniki ya meno, na nina stashahada yangu ya utawala niliyoipata Dodoma, ambayo hapa hakuna aliyewahi kuniomba niioneshe.

Jumamosi hii haikuwa ya maongezi matupu. Khalfan wa Houston anaandaa siku ya filamu fupi za watu wetu, na ametukabidhi filamu tano tumchagulie moja ya kufungulia ukumbi. Mwisho wa kupeleka uamuzi ulikuwa saa sita mchana.

Tunazo kanuni. Majina ya watengenezaji yanafutwa, filamu inabaki na namba tu. Mwaka jana hatukufanya hivyo. Wakenya wakaichagua ya Mkenya, mimi nikaichagua ya Mtanzania, Fidèle akatununia miezi miwili. Ndipo nikasema basi, tutatazama tukiwa vipofu wa majina.

Kanuni ya pili: hupigi kura kama hujazitazama filamu zote mpaka mwisho. Hii niliiandika mimi mwenyewe kwa ajili ya Lenny, aliyekuwa na tabia ya kulala sinema na kuamka na maoni.

Sasa niungame. Filamu namba nne ina dakika ishirini. Niliitazama Alhamisi kwenye simu, kazini, wakati wa mapumziko ya chakula, nikiwa nimesimama nangoja wali wangu upate moto. Dakika ya kumi na nne mapumziko yakaisha. Nikaifunga. Nilijiambia dakika sita zilizobaki nazijua, maana mtu mzima hahitaji kuonja sufuria nzima.

Sikumwambia mtu.

"Tuiache namba nne," nilisema. "Namba mbili ndiyo filamu. Lori limeibwa Amarillo, dereva analifuata, mambo yanakwenda. Mtu hapati nafasi ya kupiga miayo."

"Namba mbili ni moto, maze," alisema Lenny.

"Namba mbili ni uongo," alisema Lydiah. "Jamaa amepigwa risasi ya tumbo. Anaamka, anachomoa dripu, damu haitoki hata tone, anakimbia kwenye korido. Na gauni la hospitali limefunga nyuma vizuri. Miaka kumi na moja niko wodini, sijawahi kuona gauni la hospitali linalofunga nyuma vizuri."

"Ni filamu, Lydiah."

"Basi waiite katuni."

"Mi naweza sema?" Fidèle aliinua mkono kama mwanafunzi. "Namba mbili, watu wanakimbia, wanakimbia, kisha inaisha, mi nabaki vile nilikuwa. Lakini namba nne, Mama Théo, ile iko na roho. Mi nilitazama na bibi yangu. Kwa mwisho, bibi aliingia chumba, akapigia mama yake simu kule Uvira."

"Mkeo hulia hata akitazama tangazo la sabuni."

"Ni kweli. Lakini mi pia nililia."

Tukapiga kura. Lydiah na Fidèle, namba nne. Mimi na Lenny, namba mbili. Wawili kwa wawili, na kura zikilingana mwenyekiti anaamua. Nikaamua.

"Namba mbili. Imepita."

Kilichobaki kilikuwa ujumbe wa sauti. Hiyo nayo ni desturi yetu: kila filamu iliyoshindwa kwa kura chache, mwenyekiti anairekodia maoni, mwanzo wake, katikati yake na mwisho wake, halafu Khalfan anampelekea mtengenezaji ili ajifunze. Nikachukua simu.

"Mama Tania," alisema Lydiah, "hiyo irekodi kesho."

"Kwa nini?"

"Umekasirika leo. Kwaya, Baba Tania, mambo ni mengi. Kesho utapata maneno laini."

"Maneno laini hayajamfundisha mtu kitu."

"Nakuomba."

Lydiah si mtu wa kuomba. Hapo ningejiuliza, lakini sikujiuliza. Nikabonyeza nikaongea, nao wananisikiliza:

"Wewe uliyetengeneza namba nne, mimi ni mwenyekiti. Mwanzo wako mzuri, picha safi. Katikati umepotea. Huyo mama uliyemchora hayupo duniani, umemchora kwa chuki. Binti naye ni mlegevu, hajui anachotaka, analia tu. Na mwisho ndio hovyo kabisa. Binti huyo angekuwa wangu, ningemwambia asirudi nyumbani mpaka apate akili. Asante."

Nikautuma. Saa tano na dakika tano.

Lydiah aliinuka akaenda jikoni. Nikasikia bomba la maji likifunguliwa, maji yakatiririka muda mrefu kuliko unaohitajika kuosha kikombe kimoja. Nikamfuata.

"Una nini?"

Alifunga bomba. "Niliapishwa nisiseme."

"Sema."

"Ile sare ya uuguzi aliyovaa yule binti kwenye filamu uliiona?"

"Niliiona. Ilikuwa inampwaya."

"Ni yangu. Niliiazima kwa aliyetengeneza filamu. Alikuja hadi kwangu mwezi wa pili kuichukua." Alijifuta mikono polepole. "Mama Tania, namba nne ni ya Tania."

Tania wangu yuko Houston, mwaka wa tatu wa uuguzi. Kozi hiyo niliichagua mimi. Fomu nilijaza mimi, kwenye meza ileile tuliyokuwa tumeiegemea pale jikoni. Nilizikumbuka fomu hizo hapohapo, na nikamkumbuka mama wa ubao.

"Tania anasoma uuguzi," nilisema. "Filamu kaitengeneza saa ngapi?"

Kabla Lydiah hajajibu, simu yangu ikaita. Khalfan ni mtu wa haraka, ujumbe hakai nao. Aliyepiga alikuwa Tania. Nikaingia chumbani nikafunga mlango.

"Mama."

Aliongea Kiswahili. Mtoto huyu hunijibu kwa Kiingereza tangu akiwa na miaka minane. Namwuliza umekula kwa Kiswahili, ananijibu amekula kwa Kiingereza, na tulishazoeana hivyo. Niliposikia Kiswahili nikakaa kitandani.

"Nimeisikiliza mara mbili," alisema.

"Tania, sikujua ni yako."

"Hukujua? Yule mama anasema, 'Mimi ndiye niliyekuzaa, tumbo lako nalijua.' Unamjua nani mwingine anayesema hivyo?"

Maneno hayo ni yangu.

"Umesema hakuna mama wa namna hiyo duniani. Mama, mimi yule nilimpunguza."

"Umemchora kwa chuki."

"Sikumchora kwa chuki. Nilitaka umwone." Akavuta pumzi. "Nilijua filamu zitapita kwako. Ndiyo maana niliipeleka kwa Khalfan. Sikutaka kufungua ukumbi wala nini. Nilitaka uitazame wewe. Mwisho wake uliutazama?"

Hapa ndipo ningeweza kujiokoa kwa neno moja. Lakini nilikuwa mwenyekiti, tena mwenyekiti aliyeandika kanuni, na mlango wa chumbani kwangu ni mwembamba.

"Nimeutazama."

"Wote?"

"Tania, nimesema nimeutazama."

Nikasikia gari likipita kwake huko Houston.

"Basi nimepata jibu," alisema. "Umesema nisirudi nyumbani. Sawa."

"Nimesema binti wa filamu."

"Nimekusikia, Mama. Na kura yako usiiguse. Ukiibadilisha kwa kunionea huruma, usinipigie tena."

Akakata. Nilipompigia, simu ililia mara moja ikakatwa.

Nikarudi jikoni. Lydiah alikuwa bado amesimama palepale na kitambaa mkononi.

"Mwishoni kuna nini?" nilimuuliza.

Aliniangalia. "Kwani hukuimaliza?"

"Nijibu, Lydiah."

"Hukuimaliza." Alisema taratibu, kama anayesoma kipimo cha mgonjwa. "Hukuimaliza, na ukamwambia mtoto asirudi nyumbani."

"Kuna nini mwishoni?"

"Nenda ukatazame. Hiyo siwezi kukutafunia."

Nikaenda sebuleni. Fidèle alikuwa anamweleza Lenny jinsi ya kupika sombe, kisamvu cha kwao, Lenny hasikilizi.

"Lenny, weka namba nne," nilisema. "Dakika ya kumi na nne."

"Si tumemaliza kura?"

"Weka."

Akaweka. Kwenye televisheni binti alikuwa anapiga pasi sare ya bluu. Aliinyoosha kola, akaikunja mara mbili, akaenda kuiweka juu ya kitanda cha mama yake. Mlango ukafunguliwa. Sura ya mama haionekani popote katika filamu ile, unaona mikono yake tu. Mikono ikaishika sare. Binti akasimama mbele yake, akaanza kuongea, na kwa mara ya kwanza tangu filamu ianze hakuna aliyemkatiza.

"Mama, nikiingia wodini mikono inanitetemeka. Nilisema itapita, haikupita. Siku moja nilikaribia kumpa mzee wa watu dawa ya mgonjwa mwingine. Nimeacha uuguzi tangu Januari. Sikukuambia kwa mdomo kwa sababu kila sentensi yangu unaimalizia wewe. Kwa hiyo nimekuambia mahali ambapo huwezi kunimalizia. Ukishanisikia, niambie kama bado naweza kurudi nyumbani."

Mikono ya mama ikabaki imeshika sare. Halafu kioo kikawa cheusi. Hakujibu. Filamu ikaisha hivyo, nafasi ya jibu ikiwa wazi.

Na mimi nilikuwa nimeshaijaza.

"Voilà," alisema Fidèle kwa sauti ya chini. "Ni hapa mi nililia."

Tangu Januari. Tangu Januari nilikuwa nikimpigia kila Jumapili kumuuliza masomo yanaendaje, na kabla hajafungua mdomo nilikuwa nasema, "Najua ni magumu, wewe kaza." Naye alikuwa akikaza.

Msidhani nililia. Nilikasirika. Miaka mitatu imekwenda, na mtoto ameniambia pamoja na watu wa Haltom City na Irving, wakaijua habari ya nyumba yangu kabla yangu. Nilikuwa na hasira ya kutosha kuendesha gari mpaka Houston bila kusimama. Lakini hasira ile ilikuwa ya dakika ile. Maneno niliyomtumia saa tano na dakika tano hayakuwa na hasira wala sababu. Nilihukumu kitu nisichokiona, basi.

"Madam Chair," alisema Lenny. Alikuwa ananitazama kwa jicho la pembeni. "Mbona unaiangalia kama mtu anaiona mara ya kwanza?"

Lydiah alikuwa amesimama mlangoni mwa jikoni.

Niliangalia saa. Sita kasoro dakika kumi na mbili.

Ningeweza kumjibu Lenny kwamba nimeguswa, yakaisha. Namba mbili ingepita, kiti changu kingebaki, na Tania ningemfuata baadaye na mdomo mtamu. Lakini angeendelea kuamini kwamba nilimsikiliza mpaka mwisho, nikafikiri, kisha nikamfungia mlango.

Na nikisema kweli, nani ataamini? Filamu ni ya mwanangu. Kura yangu ikitoka, namba nne inashinda mbili kwa moja. Hata mimi ningekuwa mwenzao nisingeamini. Tania mwenyewe ameshanionya.

"Sikuimaliza," nilisema. "Alhamisi niliishia dakika ya kumi na nne."

Lenny aliacha mdomo wazi. "Wewe? Wewe ndiye ulinitoa kwenye kura mwaka juzi kwa kusinzia dakika tano."

"Ndiyo. Na kuna jingine. Filamu hii ni ya Tania. Sikujua wakati wa kura, nimejua sasa hivi."

"Aa, zii." Lenny alisimama. "Zii, Mathe. Filamu ni ya mtoto wako, halafu ghafla unakumbuka hukuimaliza? Saa sita ikibakisha dakika kumi? Hiyo hata namba mbili haingeweka, na huko jamaa alifufuka na risasi tumboni."

"Najua inavyoonekana."

"Inaonekana ni kubebana. Ndiyo maana tulifuta majina."

"Lenny, kaa," alisema Fidèle.

"Sikai. Afadhali angenyamaza."

"Ndivyo nilivyokuwa nafanya," nilimwambia. "Nilikuwa nanyamaza."

Nikachukua simu. Nikachagua kundi letu, nikamchagua Khalfan, nikamchagua Tania. Lenny akanyoosha mkono kama anayetaka kunizuia, akaurudisha.

"Ukituma hiyo, uenyekiti umeisha," alisema. "Mimi mwenyewe nita-propose."

"Propose."

"Na watu Houston watakusema."

"Wataanzia pale kwaya ilipoishia."

Nikabonyeza.

"Huyu ni Theodora. Asubuhi nimepiga kura na nimetuma maoni kuhusu filamu namba nne. Filamu hiyo nilikuwa sijaitazama mpaka mwisho. Nilitazama dakika kumi na nne, sita sikuziona. Kwa kanuni niliyoiandika mwenyewe, kura yangu ni batili, na maoni yangu ni ya mtu aliyesikia nusu ya maneno. Uenyekiti nimeuacha, Lenny atawaongoza. Filamu ni ya binti yangu, na anayetaka kusema nimembeba, aseme.

"Tania. Umeniambia nisiiguse kura. Nimeigusa. Sijakuonea huruma. Haikuwa kura. Nimekudanganya kwenye simu, mwisho nilikuwa sijauona. Nimeuona sasa hivi, mbele ya wenzangu. Kuhusu uuguzi nina hasira, sitakuficha, na tutagombana ana kwa ana kama watu wa nyumba moja. Lakini umeuliza swali, na lile la asubuhi halikuwa jibu lake. Nyumbani ni kwako. Rudi."

Nikatoa kidole.

Simu ya Lenny ikalia mezani, ya Fidèle mfukoni, ya Lydiah jikoni. Khalfan akausikiliza papo hapo, akaanza kuandika, akaacha, akaanza tena. Upande wa Tania ilitokea alama moja ya kijivu, ya ujumbe uliotoka lakini haujamfikia. Nilingoja ya pili, saa sita ikafika, ikapita, na alama ikawa bado ni moja.